Nesi Lamduan anayewajulia hali wanaouguza

Ni asubuhi ya Jumanne kijijini Ban Non Sawan, mkoani Yasothon nchini Thailand, na nesi Lamduan Kaewsing ameketi mkekani nyumbani kwa watu, miguu ameikunja upande mmoja, anachambua mboga. Mvua ya jana imeacha madimbwi uani. Kuku wanapita karibu na magoti yake, naye anawafukuza kwa mkono bila kuwatazama.

Nyuma yake, ndani ya chumba cha matofali kilichojengwa katika uvungu wa nyumba ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo, mashine inapumua. Inavuta, inatua, inasukuma. Hakuna anayeigeukia.

"Hayo magumu usitie, nesi," anasema mwenye nyumba, Prayong Butsaba, mwanamke wa miaka hamsini na minne mwenye mikono minene ya mkulima. "Mzee hayawezi."

"Mbona juzi uliniambia anakula kila kitu?"

"Anakula kila kitu ambacho sikukipika mimi."

Sauti ya mwanamume inatoka chumbani, imekatika vipande vipande.

"Nitafutieni... mke wa pili... anayejua kupika."

"Mtafute mwenyewe," Prayong anamjibu. "Ukimpata, mwambie aje na zamu yake ya kufyonza makohozi."

Lamduan anacheka mpaka majani yanamdondoka. Mpita njia angedhani ni jirani aliyekuja kupiga soga. Lakini nesi huyu wa miaka arobaini na minane yuko kazini, na mazungumzo ya namna hii ndiyo kazi yenyewe.

Kwa miaka mitatu sasa Lamduan anafanya utafiti wa uuguzi kuhusu familia zinazoishi na mashine ambazo zamani zilikaa hospitalini tu: mashine za kupumulia, pampu za kulishia kwa mrija, mifuko ya maji ya kusafishia damu kupitia tumboni. Wagonjwa ambao zamani wangemaliza maisha yao wodini siku hizi hurudishwa nyumbani. Mke, mama au mtoto wa kike hufundishwa kwa wiki kadhaa, hupewa mashine, kisha gari la hospitali huwashusha mlangoni na kuondoka.

"Hapo ndipo sisi huandika kwamba mambo yamekwisha," anasema Lamduan. "Kumbe ndipo yanapoanza."

Kila anapofika kwenye nyumba, swali lake la kwanza halimhusu mgonjwa. Humtazama yule anayeuguza na kumuuliza, "Wewe jana ulilalaje?" Wapo wanaojibu papo hapo. Wengi hujibu kuhusu mgonjwa alivyolala.

*

Lamduan alizaliwa katika familia ya wakulima wa mpunga, mtoto wa nne kati ya watano. Mama yake alikuwa akiuza wali wa kunata na samaki wa kuchoma kando ya shule. Anasema uuguzi hakuuchagua kwa sababu ya wito. Dada yake mkubwa alikuwa nesi, na sare zake kuukuu zilimtosha mdogo wake.

Alifanya kazi wodi ya mapafu ya hospitali ya mkoa kwa zaidi ya miaka ishirini. Miaka ya mwisho alipewa kazi ya kuwafundisha jamaa za wagonjwa kabla hawajaruhusiwa. Aliwafundisha kufyonza makohozi, kusafisha kidonda cha shingoni, kubadilisha mirija, kuielewa milio ya mashine. Alikuwa mwalimu mkali. Hakuna aliyetoka wodini kabla hajafanya kila kitu mbele yake mara nyingi, kwa mikono isiyotetemeka.

Mmoja wa wanafunzi wake bora alikuwa fundi baiskeli aitwaye Khamphong, ambaye mke wake alikuwa anapumua kwa mashine. Lamduan alipomtembelea nyumbani miezi kadhaa baadaye, alikuta chumba kinang'aa. Mashine haikuwa na hata chembe ya vumbi. Mke ana ngozi safi, nywele zimesukwa, amepakwa poda usoni.

"Nilifurahi," anakumbuka. "Nikaandika kwamba kila kitu kiko sawa. Nilipokuwa navaa viatu nikamtazama Khamphong. Shati lilikuwa linamning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Nikamuuliza, kaka, leo umekula nini? Akafikiri. Akafikiri tena. Akaniambia, nesi, kusema kweli sikumbuki kama nimekula."

Alivua viatu akarudi ndani. Wakapika pamoja. Khamphong alikula, na alipomaliza akamwambia kwamba tangu arudi na mke wake nyumbani, Lamduan ndiye mtu wa kwanza aliyemuuliza jambo linalomhusu yeye.

Mwaka uliofuata Lamduan aliomba likizo ya masomo, akaingia chuo kikuu kusomea shahada ya juu, na akapeleka pendekezo lake la utafiti. Profesa anayemsimamia alitaka kujua atapima nini. Lamduan alijibu kwamba bado hajui, ila anajua atakaa wapi: mkekani.

Kipato chake kilipungua kwa karibu theluthi moja alipoacha zamu za usiku. Mume wake, mwalimu wa shule ya msingi, anasema hilo hawakulijadili sana. "Alikuwa anarudi kutoka wodini na kulala," anasema. "Sasa anarudi na habari za watu. Mimi napenda habari."

*

Habari ya nyumba hii ya Ban Non Sawan ilimfikia Lamduan kabla hajafika kwenye nyumba yenyewe, kwa sababu wilaya nzima inaijua.

Samrit Butsaba, mume wa Prayong, alikuwa fundi wa roketi. Katika vijiji hivi, kabla ya mvua za kupandia, watu hurusha roketi za baruti zenye mikia ya mianzi ili kumkumbusha mungu wa mbinguni kwamba mashamba yanangoja maji. Roketi ikipaa na kukaa angani muda mrefu, fundi hubebwa mabegani. Ikilipuka au ikigoma, hutupwa matopeni huku watu wakishangilia. Samrit alishawahi kubebwa na alishawahi kutupwa, na anasema kutupwa ndiko kulikokuwa na raha zaidi.

Miaka minne iliyopita utambi wa roketi yake ulijisokota juu ya jukwaa la kurushia. Alipanda kuunyoosha. Ubao ukamponyoka mguuni, akaanguka kichwa chini. Shingo ilivunjika. Tangu siku hiyo hawezi kusogeza chochote chini ya mabega, na hewa huingizwa na mashine kupitia tundu la kooni.

Huongea pale mashine inapomsukumia pumzi. Maneno huja kwa mafungu, na kati ya fungu moja na jingine msikilizaji hungoja. Watani wake husema ndiye mtu pekee kijijini ambaye watu humsikiliza mpaka mwisho.

Prayong alipomrudisha nyumbani, jambo la kwanza alilofanya ni kukusanya mianzi yote ya roketi iliyokuwa imeegemezwa ukutani.

"Watu walitaka kuinunua," anasema. "Sikuiuza. Niliichoma, na nilisimama hapo mpaka ikaisha."

Baada ya hapo aliingia kwenye kazi ya kuuguza na hakutoka tena. Mtoto wao wa pekee, Nok, anafanya kazi kiwandani Rayong, mwendo wa usiku mzima kwa basi, na hutuma pesa kila mwezi. Mdogo wake Samrit, Khamtan, analima shamba la familia kwa makubaliano ya kugawana mavuno. Prayong hufuma mikeka ya matete kando ya kitanda na kumuuzia mchuuzi anayepita na gari. Kila kitu kilipangwa ili yeye asihitaji kuondoka.

Katika utafiti wake Lamduan ana swali moja ambalo hulitoa kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu: mara ya mwisho ulitoka getini lini, si kwa ajili ya dawa wala hospitali? Prayong alilijibu hivi mwaka jana.

"Nitoke niende wapi, nesi?"

"Popote. Hekaluni. Harusini."

"Harusini wananiita bado?" Prayong alisema, akaendelea kufuma. "Zamani walikuwa wanaita. Nikawa nakataa, wakaona wananisumbua. Siku hizi wanapitisha chakula tu dirishani. Wali wa harusi mtamu sana ukiula peke yako, huna haja ya kumsifu mtu nguo."

Alisema hivyo bila uchungu, na Lamduan anasema ndiyo sababu yalimkaa moyoni. Katika karibu nyumba zote anazotembelea alipata jibu linalofanana na hilo. Mashine zilikuwa na betri na mikanda ya kubebea, zimeundwa ili zisafiri. Watu walikuwa wamefungwa nazo ndani kana kwamba zimepigiliwa misumari ukutani.

*

Mwanzoni mwa mwaka huu, Prayong alipokuwa kisimani, Samrit alimwita nesi karibu na kitanda.

"Nataka kwenda... kwenye roketi," alisema.

Lamduan alidhani ameelewa. "Umezikumbuka, mzee."

Samrit alifumba macho, jambo ambalo kwake ni sawa na kutikisa kichwa. Akangoja pumzi.

"Roketi... mimi naziona... nikilala. Nataka... yule... acheze."

Yule ni Prayong. Kabla ya ajali, kwa miaka mingi, Prayong ndiye aliyekuwa akitangulia safu ya wanawake wanaocheza kwenye maandamano ya sherehe, akiwa amevaa sketi ya hariri aliyoifuma mwenyewe, vidole vimepinda nyuma, kiuno hakina haraka. Samrit alimwona kwa mara ya kwanza akiwa anacheza hivyo. Alimwambia Lamduan kwamba akimwomba mke wake atoke akacheze, hatakubali kumwacha. Lakini akisema yeye Samrit anataka kuona roketi, labda atampeleka. Na akifika, ngoma itafanya kazi yake.

"Usimwambie," alimaliza.

Hapo nesi akaingia kwenye shida ya kitaalamu. Mtafiti hutazama, haingizi mkono. Kamati ya maadili ya chuo ilimruhusu aambatane na familia ikiwa itaamua kutoka, kwa sharti moja: familia iamue yenyewe, bila kushawishiwa. Kwa hiyo Lamduan alibeba siri ya Samrit kwa miezi kadhaa akiwa amekaa mkekani na Prayong, asitie neno.

Samrit alipotoa ombi lake kwa mke wake, Prayong aliweka bakuli chini.

"Kile kitu kilikuvunja shingo," alisema. "Na wewe unataka nikupeleke ukakisalimie."

Hakuongea naye mpaka jioni, isipokuwa yale ya kazi: fungua mdomo, nakugeuza, tulia.

Hospitalini nako hakukuwa rahisi. Dakta Thanat, anayemtibu Samrit, alimkaribisha Lamduan ofisini akiwa tayari amekunja uso.

"Nesi, huyu bwana mwili wake hautoi jasho. Umesahau?"

"Sijasahau, daktari."

"Uwanja ule ni joto, vumbi na moshi wa baruti. Mashine itavuta hewa ya pale pale."

"Ndiyo."

"Sasa umekuja kuniomba nini?"

"Sijaja kuomba twende. Wakiamua kwenda, nataka nijue twende na nini."

Daktari akaanza kutaja, kama mtu anayenung'unika: vichujio vya akiba, kinyunyizio cha maji, vitambaa, barafu, na warudi kabla jua halijakaa utosini.

"Lakini usiandike kwamba nimekubali," alisema.

"Niandike nini?"

"Andika kwamba nilikunja uso tu."

Bado palihitajika neno la Prayong, nalo halikuja. Wiki mbili kabla ya sherehe, wanawake walianza mazoezi kwenye uwanja wa hekalu, na ngoma zikawa zinasikika kila jioni. Lamduan anakumbuka kwamba alikuwa amekaa hapo hapo mkekani. Prayong alikuwa anafuma. Alisimamisha mikono, akasikiliza.

"Wanaenda mbio," alisema. "Nani amewafundisha kwenda mbio hivyo?"

Akamaliza mstari wake wa matete, akaukata mwisho, akasema bila kumtazama mtu, "Mwambieni Khamtan aoshe gari."

*

Siku ya sherehe walimfunga Samrit kwenye kiti chake cha magurudumu, wakakipandisha nyuma ya pikapu ya Khamtan chini ya turubai. Mashine ilikuwa miguuni pake, betri ya akiba kando, mashine ndogo ya kufyonza mapajani mwa Prayong, na mfuko wa kupumulia wa mkono umening'inia shingoni mwake kama mkoba wa sokoni. Lamduan alikaa nyuma nao, akimnyunyizia Samrit maji usoni.

"Mnaniosha... kama gari," alilalamika Samrit.

"Gari lilioshwa kwanza," alisema Prayong. "Wewe wa pili."

Uwanjani walisimama mbali na jukwaa, upande ambao upepo ulikuwa ukitokea. Habari zilienea haraka. Mafundi wa zamani walikuja mmoja mmoja, wamepakaa masizi, wakamgusa Samrit begani ingawa wanajua hasikii mguso, wakaanza kumtania. Mmoja alileta pombe ya mchele kwenye kikombe. Prayong alimtazama tu, naye akarudi nayo.

"Roketi zenu... zimenenepa," Samrit aliwaambia. "Zitaanguka... kwa mama wakwe zenu."

Roketi ya kwanza ilipaa vizuri. Ya pili ikaguna, ikatoa moshi mzito, ikakataa kuondoka jukwaani. Fundi wake akakimbizwa matopeni. Watu walikuwa bado wanacheka upepo ulipogeuka, na moshi ukaja moja kwa moja upande wa pikapu.

Mashine ililia. Si ule mlio mdogo wa kukumbusha, bali ule mrefu wa hatari.

Prayong alikuwa ameshaitenganisha na mrija kabla Lamduan hajageuka. Alishika ule mfuko, akauunga kwenye tundu la koo, akaminya. Mfuko ukagoma.

"Haiingii," alisema.

Lamduan alishika mrija wa kufyonza, akauingiza, ukakwama njiani. Akatia matone ya maji ya chumvi, akajaribu tena. Midomo ya Samrit ilikuwa inageuka rangi. Macho yake yalikuwa wazi, yamemkazia mke wake.

"Kimrija cha ndani," walisema wote wawili kwa pamoja.

Prayong alikizungusha na kukichomoa kutoka ndani ya mrija wa kooni. Kilikuwa kimezibwa na makohozi yaliyokauka, magumu kama gundi. Lamduan alikuwa tayari na kingine safi. Kikaingia, Prayong akaminya mfuko, na safari hii kifua cha Samrit kikainuka. Akaminya tena. Khamtan alikuwa amesimama ameshika turubai kwa mikono miwili akizuia moshi, machozi yanamtoka, na baadaye alidai ni baruti.

Rangi ilirudi polepole. Lamduan alibadilisha kichujio cha mashine, wakamrudisha Samrit kwenye pumzi zake za kawaida. Mbali kidogo, mtangazaji wa sherehe aliendelea kuropoka kwenye kipaza sauti, hajui chochote.

Lamduan anasema hapo aliogopa kuliko siku yoyote ya miaka yake ya wodini. "Wodini kama mtu anakufa, anakufa kwenye wodi. Pale nilijiona nimewatoa watu nyumbani kwao nikawaleta kwenye moshi. Nikamwambia dada Prayong, turudi. Nilikuwa nimeshaanza kukunja vitu."

Prayong alikuwa anamfuta mume wake kidevu.

"Mzee, turudi?" aliuliza.

Samrit alingoja pumzi mbili tatu kabla ya kujibu.

"Sogeza gari... upepo ulikotoka. Sijaona... maandamano."

Waliisogeza. Maandamano yalikuwa yanaingia uwanjani, ngoma mbele, wanawake wa kijiji nyuma katika safu mbili, wamevaa hariri za rangi ya zambarau. Walipofika usawa wa pikapu, bibi mmoja wa miaka sabini na kitu, Bibi Lamom, alimwona Prayong. Alitoka kwenye safu bila kuacha kucheza, akaja na mikono yake hewani.

"Umesimama hapo kama kigingi kwa nini?"

"Bibi, huoni nina mgonjwa?"

"Namwona. Yeye ananiona pia. Wote tunakuona wewe."

Prayong alimgeukia mume wake. Samrit aliuinua uso wake kidogo, kiasi shingo inavyomruhusu, kuelekea kwenye safu.

Prayong alimtazama, kisha akamtazama Lamduan, na Lamduan anasema aliona mtu anaelewa kitu cha miezi mingi kwa mara moja.

"Ninyi wawili," alisema Prayong. "Ninyi wawili mlikuwa mmepanga."

"Mimi nilinyamaza tu," Lamduan alijibu.

Prayong alivua mfuko wa mkono shingoni mwake, akamvisha nesi. Alishuka kwenye pikapu akiwa amevaa sketi ya pamba ya nyumbani na fulana yenye tangazo la mbolea. Aliingia mbele ya safu, mahali pale pale, na jambo la kwanza alilofanya ni kuwaashiria wapiga ngoma wapunguze mwendo.

Alicheza kuuzunguka uwanja mara moja. Nyuma ya pikapu Samrit alikuwa analia bila sauti, kwa sababu kulia kwa sauti kunahitaji pumzi, na Lamduan alikuwa anamfuta machozi kwa mkono mmoja na kumnyunyizia maji kwa mwingine.

"Mkono wa kushoto," Samrit alimwambia. "Umeona... mkono wa kushoto? Hakuna... mwingine."

*

Si kila mtu aliipenda habari hiyo. Lamduan alipoandika taarifa ya siku ile, hakuficha kwamba mrija uliziba. Mmoja wa wanakamati aliuliza kama roketi ina thamani ya hatari kama ile. Profesa wake alimtaka ajibu kwa maandishi. Aliandika kwamba mrija wa Samrit uliwahi kuziba mara nyingi pia akiwa kitandani kwake, na kwamba nyumbani alikuwepo mtu mmoja tu wa kumsaidia, ilhali uwanjani walikuwepo watatu.

Sentensi hiyo ndiyo iliyobadilisha mwelekeo wa utafiti wake. Hakuweza kuacha kuifikiria. Anasema alikuwa amekazana kuuliza wanaouguza wanaishije na mashine, na hakuwa ameuliza kwa nini waishi nayo peke yao.

Tangu mvua zianze, kila Jumamosi watu hukusanyika hapa nyumbani kwa Prayong. Ni majirani, na jamaa za wagonjwa kutoka vijiji vya karibu. Wanajifunza kufyonza makohozi kwa kutumia mwanasesere wa plastiki ambaye Lamduan alimtoboa shingo kwa kisu cha jikoni. Anayefundisha ni Prayong. Anayekosoa ni Samrit, kutoka kitandani, na wanafunzi wanasema ni afadhali mwanasesere kwa sababu haongei.

"Umenichoma," Samrit alimwambia Bibi Lamom Jumamosi iliyopita, zamu yake ilipofika ya kujaribu kwa mtu halisi.

"Utasikiaje na wewe husikii?"

"Naona... uso wako."

Khamphong naye huja na baiskeli yake. Mke wake alifariki mwaka juzi, kwa amani, akiwa amesukwa nywele. Lamduan alisita kumwalika. Alikuja mwenyewe, akaketi nyuma, na wiki ya tatu alinyanyua mkono kusema kwamba yuko tayari kulala zamu kwenye nyumba yoyote isiyo mbali. Anajua mashine zote na ana nafasi.

Wanawake wawili na Khamphong sasa wanaweza kukaa na Samrit bila Prayong. Walianza kwa muda wa kwenda sokoni na kurudi. Kisha asubuhi nzima. Mara ya kwanza Prayong alirudi mapema, akasimama nje ya geti akisikiliza mashine, akaondoka tena.

Mpango wao mkubwa uko mwezi wa kumi. Nok amejifungua mtoto wa kike huko Rayong, na bibi yake hajamwona ila kwenye simu. Prayong anataka kwenda kukaa siku nne. Tikiti haijanunuliwa bado. Kila akizungumzia safari hiyo anaanza na "kama", na Samrit kila mara anamrekebisha.

"Si kama. Ni mwezi... wa kumi."

Lamduan anatarajia kumaliza shahada yake mwaka ujao. Angependa hospitali zisimruhusu mgonjwa wa mashine kurudi kijijini kabla watu watatu wa kijiji hicho hawajajifunza, na si mke peke yake. Anajua itachukua muda na anajua watakaomwambia haiwezekani. Ameshawaandikia wakuu wa wilaya, na mmoja amemjibu kwamba angependa kuja kuona Jumamosi moja inavyokuwa.

Mboga zimekwisha kuchambuliwa. Prayong anazichukua kwenda jikoni, na Lamduan ananyoosha miguu, anaingia chumbani kumuaga Samrit.

"Mwezi wa kumi," anamwambia, "zamu ya usiku wa kwanza nimeichukua mimi. Sitakuwa mtafiti. Nitakuja na mto wangu."

Samrit anangoja pumzi.

"Unakoroma?"

"Mume wangu anasema ndiyo."

"Basi," anasema Samrit, na mashine inampa pumzi nyingine, "mke wangu... akakae huko... siku tano."